Kwa nini muziki wa filamu za siku hizi haukai kichwani?

Mchambuzi wa Picha · #1

Habari za jioni wakuu.

Mwambie mtu yeyote aimbe kwa mdomo muziki wa Jaws (1975), Star Wars (1977), The Good, the Bad and the Ugly (1966) au Harry Potter ya kwanza (2001). Atauimba, hata kama filamu yenyewe hakuwahi kuimaliza. Sasa mwambie aimbe muziki wa filamu kubwa aliyoitazama mwezi uliopita. Hana kitu. Pesa zimeongezeka, okestra bado zipo, studio za London na Los Angeles ni zilezile. Mahadhi yamekwenda wapi?

Dai langu ni hili: watunzi wameacha kuandika mahadhi, wanaandika ngurumo. Chukueni Jaws, filamu ya papa muuaji. Msingi wake ni noti mbili zilizo jirani kwenye kinanda, E na F, zinaanza polepole kwenye besi na cello kisha zinaongeza kasi. Mtunzi John Williams alipompigia mwongozaji Steven Spielberg noti hizo kwenye piano, Spielberg alicheka akidhani anataniwa. Noti mbili tu, na dunia nzima inazijua. Leo mtunzi ana okestra kamili na kompyuta chumba kizima, na ukitoka ukumbini huna cha kupiga mluzi.

Nipingeni kwa hoja.

Fundi Spika · #2

Nakupinga mkuu. Jaws haikukaa vichwani kwa sababu ya noti. Ilikaa kwa sababu ya nidhamu ya wapi muziki upigwe na wapi unyamaze.

Tazama tena ile sehemu ya watoto wawili wanaowatisha watu ufukweni kwa pezi la kadibodi. Hakuna muziki. Tangu mwanzo umefundishwa kwamba noti zile zikisikika papa yupo, kwa hiyo zisiposikika akili yako inajua, kabla ya macho, kwamba hapa hakuna papa. Halafu baadaye mkuu wa polisi anatupa chambo nyuma ya boti, na papa anaibuka bila noti hata moja ya kuonya. Ule mkataba umevunjwa mbele yako, ndiyo maana watu huruka kwenye viti.

Noti zilezile zingewekwa chini ya kila tukio baharini, zingechakaa kabla filamu haijafika nusu. Tatizo la leo ni kwamba muziki haunyamazi. Mtu anafungua mlango, muziki. Anapokea simu, muziki. Sikio likizoea linaacha kusikiliza.

Mhariri wa Usiku · #3

Wote wawili mnawalaumu watunzi, na mimi nasema mwenye kesi ni meza ya uhariri. Nitaeleza kwa hesabu kidogo, nivumilieni.

Filamu inakwenda fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, yaani fremu 1440 kwa dakika. Mtunzi akiandika kwa kasi ya mipigo 120 kwa dakika, kila mpigo unakula fremu 12. Anapanga tarumbeta zilipuke pale mlango unapovunjwa, tuseme mpigo wa 33. Okestra inavaa hedifoni, inasikia kliki za kushika mwendo, inapiga, inarekodiwa. Kila kitu kimekaa.

Zamani picha ilikuwa imefungwa, yaani haikatwi tena, kabla mtunzi hajaanza. Kukata filamu kwa wembe na gundi kulikuwa na gharama, mtu alifikiri mara mbili. Siku hizi uhariri uko kwenye kompyuta na michoro ya kidijitali inafika wiki za mwisho. Mwongozaji anaondoa fremu 18 kabla ya mlango. Fremu 18 ni robo tatu ya sekunde, au mpigo mmoja na nusu kwa kasi ile. Mlipuko wa tarumbeta sasa unakuja mlango ukiwa umeshaanguka.

Mhariri wa muziki anafanyaje? Kukata mpigo mmoja na nusu hawezi, mdundo utachechemea. Anakata mipigo miwili kamili, fremu 24, kisha anarefusha mvumo wa mwisho kwa fremu 6 ili urefu urudi sawa. Jambo hilo linawezekana kama muziki ni mdundo unaojirudia, fidla zikikimbia tiki-tiki-tiki na ngoma chini yake. Ukiukata popote hakuna atakayejua. Ila kama ni mahadhi yenye mstari wa kuuliza na mstari wa kujibu, ukitoa mipigo miwili katikati umemkata mtu ulimi akiwa anaongea.

Watunzi wanalijua hilo, kwa hiyo wanaandika kitu kinachokatika. Mleta mada anaita ngurumo. Mimi naita tahadhari.

Mchambuzi wa Picha · #4

Namba 3 umetoa darasa, ahsante. Ila hapo umeniunga mkono bila kutaka. Sababu umeeleza, lakini matokeo ni yaleyale: mahadhi hayapo.

Binti Vuga · #5

Mnaizungukia Hollywood tu, na jibu liko kwenye picha la Kihindi tulilolelewa nalo pwani hii.

Kule, enzi zile, wimbo ulitangulia. Mtunzi na mshairi wanakaa na mwongozaji, wanapewa hali ya tukio, wimbo unaandikwa na kurekodiwa studio kwa sauti ya Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh au Kishore Kumar. Kisha wanakwenda kupiga picha. Wimbo unachezwa kwenye spika uwanjani, mwigizaji anafuatisha midomo, mcheza dansi anafuata mipigo, na kamera nayo inafuata. Kwa hiyo hakuna mhariri wa kukata fremu 18 katikati ya ubeti. Picha ndiyo inayokatwa kufuata mwendo wa wimbo.

Awaara ya Raj Kapoor (1951), muziki wa Shankar na Jaikishan, sauti ya Mukesh. Ule wimbo wa mzururaji umevuka mipaka ambayo filamu yenyewe haikufika. Na Mombasa, Juma Bhalo alichukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili, na watu wakayaimba kwenye harusi kama taarabu yao. Mahadhi yakiwa na mifupa yake, unaweza kuyavua lugha, picha na ala zake zote na bado yakasimama.

Mzee wa Riili · #6

Dada wa namba 5 amegusa penyewe. Naongezea: hata kwenye picha la Kihindi kuna kazi mbili, nyimbo na muziki wa nyuma. Sholay (1975), muziki wa R.D. Burman, watu wanataja wimbo wa Mehbooba Mehbooba alioimba mwenyewe kwa sauti ile ya kukwaruza. Ila kilichobeba huzuni ya filamu ni kinanda cha mdomo cha Jai, stelingi mmojawapo, jioni, huku mjane akizima taa moja baada ya nyingine barazani. Aliyepiga ni Bhanu Gupta. Mahadhi yale hayana maneno, yanarudi mara chache, na kila yakirudi yanakuta hali imebadilika. Stelingi akishakufa, ukiyakumbuka tu koo linakaza.

Chanzo Halisi · #7

Kwa faida ya wanaosoma: kurekodi muziki kabla ya picha si jambo la India pekee. Mtunzi Ennio Morricone aliandika mada kuu (mahadhi yanayorudi) za Once Upon a Time in the West (1968) kabla ya kupiga picha, na mwongozaji Sergio Leone alizicheza uwanjani waigizaji wakiwa kazini. Ndiyo maana mwendo wa watu na mwendo wa kamera mle unafanana na pumzi moja.

Spielberg naye, mwishoni mwa E.T. (1982), Williams alipata shida kuifuatisha picha kwa usahihi wa fremu. Spielberg akazima picha, akamwambia aongoze okestra kama yuko kwenye tamasha. Kisha akaihariri upya picha ifuate muziki. Sikilizeni zile dakika za baiskeli na kuagana, muziki unapumua wenyewe.

Sasa sababu yangu. Mmesahau muziki wa muda. Mhariri anapounganisha picha kwa mara ya kwanza hana muziki wowote, kwa hiyo anaazima kutoka filamu nyingine iliyokwishatoka. Mwongozaji anaitazama na muziki huo wiki baada ya wiki. Anauzoea. Mtunzi anapoajiriwa anaambiwa, tupe kitu kama hiki. Akienda mbali na hiki, anaambiwa tukio limepoa. Akikaribia mno, anaiba. Anaishia kwenye nakala ya nakala.

Ushahidi uko wazi. Alex North aliandika muziki wa 2001: A Space Odyssey (1968), mwongozaji Stanley Kubrick akautupa na kubaki na muziki uliokwishakuwepo aliokuwa ameuweka kwa muda. North alikuja kugundua filamu ikionyeshwa. Na 300 iliyoingia kumbini mwaka 2007, studio yenyewe ilikiri hadharani kwamba baadhi ya vipande vyake vilitokana na kazi ya Elliot Goldenthal kwenye Titus (1999).

Kwaya Kuu · #8

Namba 7, mfano wa Kubrick unakugeuka. Muziki wa muda uliposhinda ndipo tulipopata ule ufunguzi wa jua na tarumbeta ambao kila mtu anaujua. Hapo mahadhi yamekaa vichwani kwa sababu ya muziki wa muda!

Chanzo Halisi · #9

Haunigeuki. Kubrick alitumia asili yenyewe, Richard Strauss wa 1896. Ninachokisema kinatokea pale asili inapoondolewa na mtu akaagizwa mfano wake.

Mtaa wa Saba · #10

Wakuu mbona Interstellar (2014) hamjaigusa? Kwenye sayari ya maji kuna mlio wa tiki tiki ndani ya muziki, kila sekunde 1.25, na kila tiki moja ni siku nzima inayopita duniani. Mtunzi Hans Zimmer alipiga hesabu. Hiyo nayo mnaiita ngurumo?

Fundi Spika · #11

Hiyo hesabu inazunguka sana mitandaoni, tuipige wenyewe. Filamu inasema saa moja pale ni miaka 7 ya dunia. Miaka 7 ni takriban siku 2557. Sekunde 3600 gawanya kwa 2557 unapata sekunde 1.41 kwa siku. Tiki ya sekunde 1.25 ingekupa siku 2880 kwa saa, karibu miaka 7 na miezi 10. Imekaribia, ila si siku kamili kwa tiki.

Kinachofanya kazi pale ni kwamba tiki haiongezi kasi wala haipungui hata wimbi linapokuja. Kila kitu kingine kinapanda, yenyewe inabaki palepale. Mtazamaji anahesabu bila kujua, na anarudi chomboni akiwa tayari anaogopa jibu, ambalo ni miaka 23.

Mtaa wa Saba · #12

Sawa mkuu wa kikokotoo, lakini umekubali inafanya kazi 😄

Kwaya Kuu · #13

Na Interstellar ina mahadhi, msiionee. Kinanda kikubwa cha filimbi cha Temple Church, London, mpigaji Roger Sayer. Zimmer alianza kuandika bila kujua filamu inahusu nini, mwongozaji Christopher Nolan alimpa ukurasa mmoja tu unaozungumzia mzazi na mtoto. Mada ile ni noti chache mno, zinapanda na kurudi.

Kinanda cha kanisa kina tabia moja ambayo kompyuta huwa inaikosa. Kinahitaji upepo. Noti inaanza na pumzi kabla ya sauti kamili, na ukibonyeza vidole kumi pamoja, hewa inatikisika kwenye jengo lote. Filamu ya watu wanaohesabu hewa iliyobaki, ala yake ni mashine ya kupumua. Huo ni uchaguzi wa mtu aliyefikiri.

Pwani Asilia · #14

Shida ya filamu hiyo ni nyingine. Muziki unameza maneno. Watu walilalamika ilipotoka, na Nolan akajibu kwamba alikusudia.

Fundi Spika · #15

Hapo ndipo uwanja wangu, naomba nafasi.

Kabla ya kulaumu mtunzi, kagua unasikilizia wapi. Filamu inachanganywa kwa njia 6: kushoto, kati, kulia, mbili za nyuma, na ya besi. Maneno ya waigizaji karibu yote yako njia ya kati. Muziki umekaa kushoto, kulia na nyuma. Ukiicheza kwenye luninga yenye spika mbili, ile njia ya kati inapaswa kugawanywa pande zote mbili, ikipunguzwa desibeli 3. Kama kifaa chako kimewekwa kutoa sauti ya njia 6 wakati una spika mbili tu, ya kati inaweza kupotea au kufifia. Ndipo unasikia muziki mkubwa na watu wananong'ona. Dawa: ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stirio. Usikimbilie kuongeza sauti.

La pili ni simu. Besi ya okestra ikipiga E ya waya wake wa chini kabisa ni takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Spika ya simu kwa kawaida inaanza kusikika vizuri juu ya hezi 200 au 300. Kwa hiyo papa wa Jaws kwenye simu humsikii mwenyewe, unasikia kivuli chake, ile mikwaruzo ya juu ya upinde kwenye waya. Ngurumo za Zimmer ndiyo kabisa, zimeandikwa kwa spika za ukumbini. Mahadhi ya filimbi, fidla au sauti ya mtu yanapita kwenye simu bila jasho. Labda mleta mada anauliza kwa nini muziki wa besi haukai kichwani mwa mtu anayetazama kwenye simu.

La tatu, zile filamu zilizotafsiriwa tunazotazama vibandani. Mtafsiri akifungua mdomo, sauti yote ya filamu inashushwa, muziki na maneno pamoja. Na mtafsiri hodari hanyamazi. Mtu ametazama filamu nzima hajausikia muziki wake zaidi ya robo, unamdai mahadhi gani?

Binti Vuga · #16

Hiyo ya simu nimeipenda, ila haijibu swali. Kwenye redio ndogo ya mbao yenye spika moja, nyimbo za watunzi wa picha la Kihindi, Naushad na Shankar–Jaikishan, zilipita na zikakaa. Kama muziki unahitaji spika za ukumbini ndipo uwe na maana, hilo ni pungufu la muziki.

Kwaya Kuu · #17

Si pungufu dada, ni aina nyingine ya kazi. Dunkirk (2017) haina wimbo wa kuimba bafuni, na haikutaka uwepo. Inatumia ujanja wa toni ya Shepard. Unachukua toni ileile katika oktavu kadhaa, zote zinapanda pamoja. Ya juu inafifishwa taratibu ikikaribia kileleni, ya chini inaingizwa taratibu kutoka kimya, ya kati inabaki na nguvu. Sikio linaamini sauti inapanda bila kikomo, ilhali iko palepale. Humo wakatia na mlio wa saa ya Nolan mwenyewe. Ukitoka huna cha kuimba, ila mabega yako yamekaza tangu dakika ya kwanza. Muziki umefanya kazi uliyotumwa.

Na wapo waliotupa muziki wote. The Birds ya Hitchcock (1963) haina okestra, ina milio ya ndege iliyotengenezwa kwa umeme, na Bernard Herrmann alikuwa mshauri wa sauti.

Chanzo Halisi · #18

Huyohuyo Herrmann, Psycho (1960). Hitchcock alitaka tukio la bafuni lisiwe na muziki. Herrmann akaandika hata hivyo, akamsikilizisha, Hitchcock akabadili msimamo. Filamu nzima ni ala za nyuzi peke yake, hakuna shaba, hakuna ngoma, hakuna filimbi. Kwa hiyo hoja ya namba 2 kwamba kimya ni bora siku zote haisimami. Kuna kimya kilichohitaji fidla.

Fundi Spika · #19

Sikusema siku zote.

Mzee wa Riili · #20

Mimi naona mnasahau jambo dogo la wazi: kurudia. Muziki mnaoukumbuka mmeusikia mara ngapi? Star Wars imetumika kwenye filamu, matangazo, michezo ya kompyuta, milio ya simu. Miaka ya 1970 zilitoka filamu nyingi zenye muziki wa ovyo, na zimesahaulika pamoja na muziki wake. Tunalinganisha mabingwa waliosalia wa zamani na kila kitu cha leo.

Tena za karibuni zinazokumbukwa zipo. Pirates of the Caribbean (2003). The Avengers (2012) ya Alan Silvestri. Black Panther (2018), Ludwig Göransson alikwenda Senegal akafuatana na Baaba Maal, akarudi na tama, ile ngoma ndogo ya kwapani inayobanwa ili ibadili sauti. Tama ndiyo inamtangaza shujaa, T'Challa. Adui yake, Killmonger, kapewa filimbi ya Wafulani wa Afrika Magharibi. Ukifumba macho unajua nani kaingia chumbani.

Pwani Asilia · #21

Hapo kwenye Afrika, na The Lion King (1994) muitaje, ule ufunguzi wa Kiswahili unaopasua asubuhi.

Chanzo Halisi · #22

Ufunguzi ule ni Kizulu, aliyeuimba ni Lebo M wa Afrika Kusini. Majina ya Simba na Rafiki ndiyo ya kwetu. Nyimbo ni za Elton John na Tim Rice, muziki wa nyuma ni wa Zimmer, uliompa Oscar yake ya kwanza.

Mzee wa Riili · #23

Na Hatari! ya 1962, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, upande wa Arusha. Henry Mancini alitunga kile kipande cha tembo wadogo kwa klarineti ndogo ya E-flat juu na kaliopi, kinanda cha sarakasi, chini. Leo kinachezwa kwenye matangazo na watu hawajui kilitoka wapi. Klarineti inatembea nyepesi, chini yake mdundo mzito unaburuta miguu. Mwili mzito na akili ya mtoto, vyote ndani ya mistari miwili ya muziki. Wanaosema muziki mwepesi ni muziki wa chini wakisikilize tena.

Mhariri wa Usiku · #24

Narudi kwa namba 20. Avengers mada yake ipo, sikatai. Ila fuatilia mwenendo wake: kwenye filamu zilizofuata inaachwa, inarudi, inaachwa, kwa sababu kila shujaa kapewa mtunzi mwingine. Mada ya muziki inahitaji kulelewa. Harry Potter ilianza na Williams na selesta yake, kinanda kidogo chenye mlio wa vikengele. Baada ya filamu 3 akaja Patrick Doyle, kisha Nicholas Hooper mbili, kisha Alexandre Desplat mbili. Mada ya Hedwig, bundi wa Harry, ilizidi kupungua. Ukimuuliza mtu aimbe muziki wa filamu ya tano au ya sita, anakuimbia wa kwanza.

Linganisha na Howard Shore, The Lord of the Rings (2001 hadi 2003), filamu 3 mtunzi mmoja. Mada ya Ushirika, lile kundi la wasafiri, inajengeka kadiri watu wanavyoongezeka, wakifika 9 inasikika kamili kwa shaba. Gandalf akianguka, hairudi tena ikiwa nzima kwa muda mrefu, inarudi vipande. Mada ya Shire, nyumbani kwa wahusika wakuu, inaanza kwa fidla na filimbi ya bati, baadaye inarudi mbali na nyumbani ikiwa imepungua ala. Mtazamaji hajui kinachofanyika, ila moyo unajua.

Mchambuzi wa Picha · #25

Namba 24 hapo ndipo ninapolilia mimi. Leone naye alikuwa na hilo: katika The Good, the Bad and the Ugly ule mlio wa mbweha ni mmoja kwa watu watatu, ila mmoja anapigiwa filimbi, wa pili okarina, wa tatu sauti za watu. Mahadhi mamoja, ala tatu. Kazi ndogo, akili kubwa.

Dodoma Baridi · #26

Wakuu nimesoma kimya hadi hapa. Swali la vitendo: kwa anayetengeneza filamu fupi hapa nyumbani, afanyeje? Bongo Movie nyingi muziki wake unaanza jina la filamu na hauachi mpaka mwisho, na mara nyingi unashindana na maneno.

Fundi Spika · #27

Chanzo cha hilo mara nyingi ni maikrofoni ya kamera. Ikiwa mita 3 kutoka kwa mwigizaji inachukua jenereta, majogoo na mwangwi wa sebule, kisha muziki unawekwa kufunika kelele. Unarundika tatizo juu ya tatizo.

Anza na maneno: maikrofoni iwe nje kidogo ya fremu, sentimeta 50 hadi 80 kutoka mdomoni. Rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, utazitandaza chini ya mazungumzo ili kelele ya nyuma isikatikekatike kila unapokata picha. Kisha tazama filamu yote bila muziki na uandike ni tukio lipi linashindwa kusimama lenyewe. Hayo tu ndiyo yapewe muziki.

Muziki ukiwa chini ya mazungumzo uwe pungufu kwa desibeli 12 hadi 18 kuliko sauti ya mtu, na upunguze kidogo, desibeli 3 au 4, kati ya hezi 1000 na 4000, ambako konsonanti zinasikika. Epuka wimbo wenye maneno mtu anapoongea. Akili haiwezi kufuata maneno mawili kwa pamoja, itaacha moja, na mara nyingi itaacha la mwigizaji.

Kwaya Kuu · #28

Na mtafute mpigaji halisi hata mmoja. Kinanda cha kompyuta kikicheza fidla 40 za bandia kinasikika kama fidla 40 za bandia. Udi mmoja, zeze moja, zumari moja, maikrofoni moja chumba chenye mapazia, inatosha filamu ya dakika 20. Chagua mahadhi mafupi, noti 5 hadi 8, yapige kwa kasi mbili tofauti na kwa ala mbili. Hapo una muziki wa filamu nzima.

Binti Vuga · #29

Na yatungwe kabla ya kupiga picha. Mwigizaji ayasikie.

Mhariri wa Usiku · #30

Nakubali, kwa sharti kwamba picha ikishafungwa, ifungwe. Mwongozaji akianza kutoa fremu baada ya udi kurekodiwa mtarudi palepale.

Mzee wa Riili · #31

Mchambuzi, hadi sasa una kimya, uhariri, muziki wa muda, spika, kurudia, na kubadilisha watunzi. Lako la kwanza, kwamba watunzi hawawezi tena, ndilo lisilo na mtetezi 😄

Mchambuzi wa Picha · #32

Mtetezi nipo. Hizo zote ni hali za kazi, na hali za kazi hazikumzuia Herrmann aliyekatazwa kuandika lile tukio la bafuni. Ahsanteni kwa elimu lakini sijashawishika. Kesho naleta Out of Africa (1985) ya John Barry, ile safari ya ndege juu ya Kenya. Mistari mirefu, hakuna kuharakisha, na Mozart kwenye gramafoni porini. Mhariri uje na hesabu zako uniambie pale wangekata wapi.

Mhariri wa Usiku · #33

Nitakuja. Ila ile safari ya ndege haina maneno hata sentensi moja, kwa hiyo anza kwa kuuliza ni mwongozaji yupi wa leo atakupa dakika zote zile bila mtu kuongea.